Wachimba Sakafu

Paskalia alishuka kwenye lori la pamba pale Samuye mchana wa jua kali, akashusha sanduku, ndoo na godoro lake la sufi, na kabla lori halijaondoka shangazi yake Bernadina alikwisha kujua. Hakuuliza kwa nini mtu anarudi kutoka chuoni na godoro wakati likizo bado. Alimtazama usoni, kisha macho yakashuka polepole, yakasimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ya lini hiyo?"

"Miezi mitatu, nadhani."

"Unadhani. Na wewe ndiye utakayefundisha watoto hesabu." Bernadina akainua ndoo na sanduku. "Godoro libebe mwenyewe. Watu waone angalau umerudi na kitu."

Wakafuata njia inayopita kando ya kaburi la Mbuke, mama yake Paskalia, lililokuwa kati ya barabara na nyumba. Kaburi lilikuwa safi, halina jani. Bernadina, aliyekuja kwa kaka yake wakati wa msiba na hakuona sababu ya kuondoka, alilipita bila kusimama. Paskalia aliweka godoro chini, akapiga magoti kidogo, akalibeba tena.

Bujiku, baba yake, alikuwa zizini akimpaka ndama dawa ya kupe. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kufiwa, na tangu afiwe yalikuwa yamepungua zaidi. Alisikiliza yote kutoka kwa dada yake huku mkono wake mmoja ukiwa umeshika sikio la ndama. Hakugomba. Alisikia kwamba muuguzi wa chuo ndiye aliyegundua. Alisikia kwamba mkuu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Mkuu alikuwa ameeleza taratibu kwa upole: mwanafunzi mwenye mimba na asiye na mume jina lake linafutwa, lakini mwanafunzi mwenye mimba na mume ni mama wa watu, hana kosa, na atafanya mtihani wake wa mwisho kama wengine. Chuo kikifungua muhula mpya, Paskalia aje na cheti cha ndoa. Asipokuja nacho, asije.

"Na huyo mwanamume anakubali?" Bujiku aliuliza.

"Anakubali, baba. Alilia mbele ya mkuu."

"Kulia si kukubali. Ni nani?"

"Januari."

Mkono ukaacha sikio la ndama. "Januari yupi?"

"Januari wa Juhudi, baba. Yule wa Runzewe."

"Januari aliyenyolewa hapa?"

Paskalia akatazama chini. Ndama, kwa kuwa hakuna aliyemshika, alikwenda zake na dawa nusu ya mwili.

"Basi umepata mimba ya kaka yako," Bujiku akasema, akaketi juu ya hori.

*

Kosa lilikuwa limeanzia ghalani. Chuo kile cha walimu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kilipoongezewa wanafunzi hakikuongezewa mabweni. Kilipewa maghala ya pamba yaliyoachwa na mfanyabiashara Champaklal alipohamia Mwanza. Katika kila ghala walisimamisha ukuta wa mbao, wanaume kushoto, wanawake kulia, na nje wakawa na ua mmoja, bomba moja na jiko moja. Harufu ya mbegu za pamba haikutoka ukutani hata walipopaka chokaa, na mbao zile zilipitisha kila kitu: kikohozi, sala, na nani anaota kuhusu nani.

Mlezi wa mabweni alikuwa Mwalimu Athanas, mtu mwembamba wa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Aliomba ukuta wa matofali. Aliambiwa saruji hakuna, na kwa miaka ile ilikuwa kweli. Hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya foleni. Kwa kuwa hakupata saruji, Mwalimu Athanas aliamua kujenga kwa undugu, ambao haukuhitaji kibali. Kila ghala akalifanya kaya, likapewa jina, baba wa kaya na mama wa kaya. Wakaaji wa kaya moja wakawa kaka na dada. Aliamini kwamba kijana hawezi kumtamani dada yake, na kwamba mtu akiitwa dada kwa muda wa kutosha atakuwa dada. Wakaguzi kutoka wizarani walikuja, wakapenda, wakaandika.

Wanafunzi nao walikuwa na lugha yao. Kijana wa Kaya ya Juhudi aliyempata msichana wa Kaya ya Umoja walimwita mtu wa machimboni, na hilo lilikuwa neno la heshima, maana ametoka kwao akatafuta. Lakini aliyependana na mtu wa kaya yake mwenyewe alikuwa mchimba sakafu. Neno hilo lililetwa na vijana waliowahi kushinda kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita kabla ya kuitwa chuoni. Huko, walisimulia, mtu mmoja aliona kitu kinang'aa kwenye sakafu ya nyumba yake, akachimba kuanzia mlangoni mpaka chini ya kitanda, asipate ila mawe, na mvua ya kwanza ikailaza nyumba nzima. Kwa hiyo mchimba sakafu aliyegundulika alikuta asubuhi jembe limeegemezwa mlangoni pake. Watu walicheka, ila si bure. Waliochimba sakafu wakigombana hawana pa kukimbilia: asubuhi bomba ni lile lile, mchana jiko ni lile lile, na kila anayewaona anajua nani amenuna na kwa nini.

Siku ya wazazi ndipo Mwalimu Athanas alipofanya jambo ambalo baadaye alisema lilikuwa hotuba tu. Alipanga wazazi wa Juhudi na wanafunzi wa Juhudi wakizunguka sinia kubwa la ugali na nyama ya mbuzi. Akasimama na kusema, kwa sauti ambayo walinzi wa getini waliisikia, kwamba kuanzia siku hiyo hawa ni watoto wa tumbo moja, mzazi wa mmoja ni mzazi wa wote, na kula kwao pamoja ndiko shahidi. Wazazi walipiga makofi. Wakala. Mbuke, ambaye ugonjwa ulikuwa umemfanya achukie chakula, alikula siku ile. Kijana aliyemmiminia maji ya kunawa alikuwa Januari.

"Mama yako yuko wapi, sijamwona?" Mbuke alimwuliza.

"Sina, mama. Alifariki nikiwa mdogo."

"Basi leo unaye."

Mbuke alifariki mvua zilipoanza. Juhudi ilituma ujumbe wa watu kadhaa na unga. Vijana wa kijiji walikuwa wachache, ardhi ngumu chini ya tabaka la juu, na Januari alichimba kaburi tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumpa mwingine zamu yake. Mnyoaji alipoita watoto wa marehemu, wajumbe wengine wa Juhudi walirudi nyuma kwa adabu. Baba wa kaya, kijana aliyeitwa Donatus, alisema ana mafua. Januari aliketi chini pamoja na Paskalia, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemlazimisha. Bujiku aliona, na kwa siku zile za giza hilo lilikuwa jambo moja lililomtuliza. Kila alipopata ruhusa baada ya hapo, Januari alikuja Samuye kwa baiskeli ya kuazima, akang'oa majani kaburini kabla hata ya kusalimia watu. Na kwa kuwa kung'oa majani kwa mikono miwili ni kazi ndefu, Paskalia alikuwa akimsaidia.

*

Januari alikuja kuposa akiwa na Donatus. Mjomba wake wa Runzewe alikuwa ametuma baraka na udhuru. Walifika asubuhi, na Januari kwa mazoea akashuka kwenye baiskeli pale kaburini, akang'oa jani moja lililoota tangu safari iliyopita. Bernadina alimwona kutoka mlangoni.

"Anaposa kwa mtu na anaanza na kaburi la mama mkwe," alisema. "Sijui hawa wamelelewa na nani."

"Wamelelewa na chuo," Bujiku akamjibu.

Wakawekewa viti. Donatus, aliyekuwa ameazima koti, alikohoa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mafua yalipona?"

Donatus hakulitegemea hilo. "Yalipona, baba. Tumekuja, baba, sisi vijana wako, na jambo letu. Tumeona ua katika nyumba hii..."

"Subiri kwanza," Bujiku akasema. "Wewe ni nani?"

"Donatus, baba. Baba wa Kaya ya Juhudi."

"Siku ile chuoni ulikula kwenye lile sinia?"

"Nilikula."

"Basi wewe ni mwanangu. Na huyu uliyemleta?"

"Naye pia... alikula."

"Alikula, akachimba, akanyolewa. Kwa hiyo mwanangu amekuja kwangu kumposa mwanangu kwa ajili ya mwanangu. Niambie, hayo mahari anampa nani? Nitoe ng'ombe zizini upande huu niwapokee upande ule?"

Bernadina alifunika mdomo kwa kanga. Donatus alimgeukia mwenzake kutafuta msaada. Januari ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Baba, ule ulikuwa mpango wa chuo. Wa kutuzuia."

"Na ulikuzuia?"

"Hapana, baba."

"Unyoaji nao ulikuwa mpango wa chuo?"

"Hapana. Ule ulikuwa wangu."

"Ehe."

"Lakini baba," Donatus akadakia, akidhani ameona mwanya, "nywele zenyewe si zimeota?"

Bujiku alimtazama. "Nywele zimeota," alisema. "Mbuke hajaota."

Paskalia, aliyekuwa nyuma ya mlango, alisikia viti vikisogezwa, kisha baiskeli. Alitaka kutoka. Bernadina akamshika mkono.

"Baba yako hakumkataa," alimnong'oneza. "Mtu anayemkataa hamwulizi maswali."

Jioni hiyo Bujiku alizungumza na dada yake. Katekista alikuwa amekwisha kupita na kusema kwamba kanisani hakuna kizuizi chochote, hawa si ndugu. Bujiku alimjibu kwamba kanisa halikula ugali ule.

"Huyu mtoto asome," Bernadina alisema. "Mama yake alitaka asome. Ukiendelea hivi, chuo kitafunguliwa, yeye yuko hapa anakanda unga na tumbo mbele."

"Nataka asome. Sitaki azae na ndugu yake."

"Si wa damu."

"Bernadina, walinyolewa wangapi kwenye ule msiba? Tulimwacha aketi pale kwa nini? Ungesema siku ile, kijana ondoka, hii si ya kwako. Hukusema. Mimi sikusema. Tulifurahi."

Bernadina alikuna mkono wake. Kwa ukoo wao, ndugu wa mbali waliotaka kuoana walifunguliwa kwa kibuyu: walikunywa maji humo, kisha kikapasuliwa, kila mmoja akachukua nusu yake akaitupa upande wake. Lilifanyika mara chache, na sharti lilikuwa moja.

"Anapasua nani?" Bernadina aliuliza. "Aliyewafunga ndiye anayepasua."

"Najua," Bujiku akasema, akaomba suruali yake ya kwenda mjini ifuliwe.

*

Getini walimweka juani mpaka darasa la kwanza likaisha, kwa sababu mlinzi alitaka kujua ana shida gani na Bujiku alisema shida yake hawezi kumwambia mlinzi. Hatimaye akapelekwa ofisini kwa Mwalimu Athanas, ambaye alisimama, akampa pole ya msiba, akampa pole ya hili jipya, kisha akafunga dirisha.

"Mzee wangu, kwetu pia ni aibu," alisema. "Wakaguzi wanarudi mwezi ujao kuangalia kaya zetu. Wanataka mpango huu ukaigwe kwingine. Ningefurahi sana vijana waoane upesi, kimya kimya."

"Mimi ndiye nilichelewesha," Bujiku akasema. "Nimekuja kukuomba uje ufungue."

"Nifungue nini?"

"Ulichofunga. Ulisema ni watoto wa tumbo moja."

Mwalimu Athanas alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mwenzake naye acheke. "Mzee, lile lilikuwa neno la hotuba."

"Mimi nililila."

"Samahani?"

"Ulisema ugali ndio shahidi. Nikala. Mke wangu alikuwa hali kitu, akala, akafa na neno lako tumboni. Halafu yule kijana akaja akanyolewa. Kama lilikuwa la hotuba ungetuambia, tungekula kama wageni."

Mwalimu Athanas alivua miwani. Alieleza juu ya elimu, maendeleo, na jinsi taifa haliwezi kusonga mbele huku watu wakipasua vibuyu. Alisema yeye ni msomaji wa somo kanisani. Bujiku alisikiliza yote kwa heshima, kofia mapajani.

"Nimekuelewa, mwalimu," alisema mwishoni. "Basi nenda kawaambie wale wakaguzi kwamba ule undugu haukuwa wa kweli. Ukiwaambia hivyo, na mimi nitaamini si wa kweli, nitawaozesha kesho."

Nje kengele ya chai ililia. Mwalimu Athanas alifikiri juu ya wakaguzi, juu ya ripoti iliyokwisha kuandikwa, na juu ya viwiko vya suti yake.

"Jumamosi nina nafasi," akasema.

*

Alikuja na baiskeli, akiwa na Januari na Donatus nyuma yake. Alikuwa ametumaini kuwakuta watu wa nyumba tu. Bernadina hakuwa amealika mtu yeyote, lakini alikuwa amemwomba jirani mmoja kibuyu, na hilo lilitosha. Uwanja ulikuwa na watu kama wa mnada.

Kibuyu kiliwekwa chini, kimejaa maji. Paskalia akanywa, Januari akanywa. Mwalimu Athanas akapewa panga. Alilishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake ambaye amekojoa. Akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," alianza.

"Hapa hakuna wananchi," Bernadina akasema. "Sema na kibuyu."

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu Athanas akainama. "Kwa kuwa... hawa vijana wawili niliwaita ndugu, sasa nasema si ndugu."

"Unanong'ona," Bujiku alisema kwa upole. "Siku ile hukunong'ona, mwalimu. Tulikusikia mpaka getini."

Basi Mwalimu Athanas, msomaji wa somo, alisimama wima katika uwanja wa Samuye akapaza sauti kwamba alichokifunga yeye anakifungua yeye, kwamba tumbo moja limekuwa matumbo mawili. Alipomaliza jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kola. Aliinua panga.

"Na wengine?" Bernadina akauliza.

"Wengine wepi, mama?"

"Hukuwafunga wawili. Uliwafunga Juhudi nzima. Utakata kamba katikati uache ncha zinaning'inia? Kesho mwingine atakuja hapa hapa."

Mwalimu Athanas alimtazama Donatus, baba wa kaya, ambaye angeweza kusema kwamba hilo si lazima. Donatus alikuwa anatazama mawingu. Kulikuwa na msichana wa Juhudi, upande wa kulia wa ukuta wa mbao, ambaye kikohozi chake Donatus angekitambua kati ya vikohozi mia.

"Ingefaa kumaliza kabisa, mwalimu," Donatus alisema. "Kwa ajili ya utaratibu."

Kwa hiyo Mwalimu Athanas aliifungua Kaya ya Juhudi yote, mbele ya watu ambao hawakuijua, akapiga panga. Kibuyu kilipasuka vizuri, katikati. Kina mama wakapiga vigelegele. Paskalia alichukua nusu yake akaitupa upande wa zizi. Januari alichukua yake, akainua mkono kuitupa barabarani.

"Hapana," Bujiku akasema. "Wewe bado una mmoja."

Akaelekeza kidevu kule kaburini.

Kicheko kiliisha uwanjani. Januari alielewa mara moja, na wote waliona kwamba alielewa. Alitembea mpaka kaburini na kipande cha kibuyu mkononi, watu wakimfuata kwa mbali. Alisimama mahali alipozoea kupiga magoti. Alikaa hivyo mpaka Mwalimu Athanas akaanza kutazama saa.

"Mwambie," Bujiku akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Mama," Januari alianza.

"Usimwite mama," Bernadina akamrekebisha. "Ndicho unachokuja kukiondoa."

"Nimwiteje?"

Ni mama mkwe sasa, na mama mkwe haitwi jina, wala haongeleshwi uso kwa uso, wala mkwe hasogelei anapolala. Hakuna mtu pale aliyekuwa na jina la kumpa.

Januari alitazama udongo. "Sikuzaliwa na wewe," alisema. Kisha, kwa kuwa hilo lilionekana dogo, akaongeza, "Asante kwa siku ile." Alikiweka kipande cha kibuyu chini, hakukitupa, akageuka.

"Sasa rudi kwa njia ya shambani," Bernadina alimwambia, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake. "Hapa huwezi kupita tena, mwanangu." Akasikia alichosema, akajisahihisha. "Mkwe."

Bujiku alikuwa ameinama anatafuta kitu miguuni pake ambacho hakikuwepo.

*

Walioana kanisani wiki iliyofuata, cheti kikapatikana, na chuo kilipofungua Paskalia alikuwepo mstarini na gauni lililolegezwa. Mkuu wa chuo alifurahi. Kisha akasoma taratibu zilizobaki. Wanandoa hawaruhusiwi kulala bweni moja, kwa kuwa hilo lingewafundisha wengine vibaya. Paskalia akahamishiwa Umoja, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Walipokuwa kaka na dada walikuwa wakionana kwenye bomba asubuhi, jikoni mchana na uani jioni. Walipokuwa mume na mke walionana Jumapili baada ya misa, wakiwa wamesimama.

"Sasa ndiyo uko machimboni kweli," Donatus alimwambia Januari.

Zawadi ya Juhudi kwa maharusi ilikuwa jembe jipya, limefungwa utepe mwekundu kwenye mpini. Waliliegemeza usiku mlangoni pa Januari, kama desturi ilivyotaka, na mwaka ule jembe jipya lilikuwa zawadi ya maana. Mtu aliweza kuzunguka maduka yote ya mjini asilione. Wakaguzi walikuja, wakala ugali kwenye sinia, wakasifu. Mwalimu Athanas aliwakaribisha kwa hotuba fupi, ambamo aliwaita wanafunzi "wakaaji wenza". Hakuna mkaguzi aliyeuliza kwa nini. Kabla ya muhula kwisha majembe manne yaliegemezwa kwenye milango ya Juhudi, na mojawapo lilikuwa mlangoni pa baba wa kaya.

Paskalia alifanya mtihani akafaulu. Mtoto alikuwa wa kike, akaitwa Mbuke, na kwa hiyo jina ambalo Januari hakuruhusiwa kulitamka aliruhusiwa kulibeba mgongoni.

Likizo ya kwanza walikuja Samuye wote watatu. Magugu yalikuwa yamelifunika kaburi, maana Bujiku mgongo ulimsumbua na Bernadina alidai anaogopa nyoka. Paskalia alichukua lile jembe la utepe, akamfunga mtoto, akaenda kupalilia. Januari alikuwa amezunguka na baiskeli kupitia shamba la pamba, njia ndefu yenye miiba, njia ya mkwe. Alipofika usawa wa kaburi, mbali, alisimama akageuza uso upande wa pili kama inavyopasa.

"Umetoa magugu ya sangari?" aliuliza, akiiuliza pamba.

"Nimetoa."

"Na upande wa miguuni?"

"Hapo safi."

"Chimbua kidogo. Hapo chini kuna jiwe, mizizi inajificha pembeni yake. Usiposukuma jembe kwa ubavu hutaifikia."

Paskalia alisukuma jembe kwa ubavu. Liligonga jiwe, pale pale aliposema, na sangari ikatoka na mzizi wake wote. Alitaka kumwambia, lakini alipoinua kichwa Januari alikuwa amekwisha kuikokota baiskeli, anaendelea kuzunguka.